Bahari ya lita 120 sebuleni

Najua nimekuwa kimya kupita kiasi, na kuna waliokwisha kuniandikia kuuliza kama bado nipo au nimemezwa na baridi. Nipo. Ila miezi hii nimekuwa mtumwa wa maji, na leo nataka niwaeleze habari hiyo yote kwa kituo, maana vipande vipande naona haieleweki.

Tuanze na ile picha. Nilipoituma kwenye kundi la ukoo maswali yalinijia kama mvua ya masika. Ami aliuliza kama lile ni friji la kioo. Dada alitaka kujua kwa nini taa yake ni ya buluu kama ya ukumbi wa harusi. Na Mjomba, kama kawaida yake, aliuliza swali moja tu: "Hao wataliwa lini?"

Lile ni tangi la samaki wa maji ya chumvi. Linachukua lita 120, na liko sebuleni kwetu hapa Reading, mji ulio magharibi ya London, ambako ukitaka kuiona bahari lazima upande gari. Ndani kuna mchanga mweupe, mawe, pampu, hita, na samaki wawili wadogo. Wawili tu. Mkinisoma mpaka chini mtajua kwa nini si zaidi, na kwa nini kabla yao alikuwako mmoja ambaye sikumpiga picha.

Mambo haya hayakuanza na samaki, yalianza na mtoto. Binti yangu amefika nyumbani Mayungu mara moja tu, Desemba 2022, akiwa na miaka minane. Mnakumbuka alivyokuwa hashikiki. Kila maji yakipwa Baba alimchukua wakaenda miambani kuchungulia vidimbwi, wakarudi yeye kalowa mpaka nywele. Tuliporudi huku alikaa wiki nzima akichora samaki juu ya kila karatasi, hata bahasha ya bili ya umeme. Nikajikuta nimeahidi. Mnajua ahadi za wazazi: unazitoa ukiwa umechoka, mtoto anaandika tarehe.

Tangi nililipata Septemba 2024 kwa mtu aliyekuwa anahama, pauni 90 pamoja na taa, hita, pampu na kimashine cha kuengua povu. (Msianze kuzidisha kwa shilingi. Mimi nilikwisha kuzidisha, nikanyamaza.) Kisha nikanunua bahari yenyewe. Ndiyo, huku bahari inauzwa, kavu, ndani ya ndoo. Si chumvi ya kupikia. Mna kalisi, magnesi na madini mengine kwa vipimo vinavyofuata vya bahari ya kweli. Unatia kiasi cha gramu 35 kwa kila lita ya maji, unakoroga, unaiacha pampu izungushe mpaka kesho yake. Mimi zilinitosha kilo nne na kidogo.

Nilipompigia Baba kumwambia nimenunua bahari kwa kilo, alicheka mpaka akakohoa. Mtu aliyevua samaki miaka arubaini! Akauliza, "Na wimbi je, linauzwa duka gani?" Nikamwambia wimbi lipo, ni ile pampu. Akacheka tena, akampa Mama simu ili naye acheke.

Siku ya nne maji yalikuwa maangavu, ungeweza kusoma gazeti upande wa pili. Joto nyuzi 25, chumvi sawa, mchanga umetulia. Mimi mtoto wa pwani nikajisemea, maji ya bahari nayajua, haya ni ya bahari. Nikamchukua binti tukaenda duka la samaki.

Duka lile lina matangi yamepangwa kama rafu za vitabu, na kila tangi lina kikaratasi: jina la Kilatini, bei, na nchi alikotoka samaki. Indonesia, Indonesia, Sri Lanka, Fiji. Nikapita nikisoma tu, mpaka kikaratasi kimoja kikaniambia: Kenya. Nilisimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake. Ndani alikuwamo samaki mmoja asiyezidi kidole changu cha kati, mwili buluu ya wino, kichwa na mgongo rangi ya chungwa, mkia wa manjano hafifu. Nyinyi mlioko nyumbani mnajua kuwa pwani yetu wako vijana wanaopiga mbizi kwa vijavu vidogo kuwakamata samaki wa mapambo. Hufungwa mmoja mmoja ndani ya mifuko ya maji na hewa, wakapandishwa ndege. Huyu alikuwa amekuja Uingereza kwa njia ileile niliyojia mimi, ila yeye hakuulizwa viza.

Kijana wa dukani alituuliza, "Tangi lenu lina muda gani?" Nikajibu, "Mwezi." Akauliza, "Maji umeyapima?" Nikajibu, "Nimeyapima." Binti yangu alinitazama. Alijua ni siku nne, na alijua kwamba nilichopima ni chumvi na joto tu. Sikumjali. Nilikuwa tayari nimeshatoa kadi ya benki.

Njiani alimpa jina. Akamwita Malindi.

Malindi aliishi kwetu siku tatu. Siku ya kwanza alijificha nyuma ya jiwe, nikasema ugeni. Nikamtilia chakula. Hakula, nikamtilia kingine, maana sisi tumelelewa hivyo, mgeni lazima ashibe. Siku ya pili alipanda karibu na uso wa maji, akawa anapumua haraka haraka kama mtu aliyepandishwa ngazi mbio. Nikatilia chakula tena. Siku ya tatu, asubuhi kabla ya shule, alikuwa amelala ubavu juu ya mchanga, na maji bado maangavu vilevile, yanameta chini ya taa.

Binti aliuliza amekufa kwa nini. Nikamwambia alikuwa mgonjwa tangu dukani. Hakusema kitu. Alichukua begi lake akaenda shule.

Siku hiyo nilijaza maji kwenye kichupa nikayapeleka dukani. Kijana yuleyule akayatia kwenye kijaribio cha kioo, akadondosha matone ya dawa, akakitikisa, tukangoja. Maji yasiyo na amonia hubaki ya manjano. Yangu yaligeuka kijani ya jani la mwembe. Hakunigombeza. Alichukua kijaribio akakiweka mbele yangu juu ya kaunta, akanieleza taratibu, na kwa kweli heri angenigombeza.

Alivyonieleza ni hivi. Samaki hutoa uchafu wake mwingi kwa mashavu, kila anapopumua, na uchafu huo ni amonia. Chakula kinachooza nacho hutoa amonia. Haina rangi, na kwa kiasi kile haina hata harufu puani mwetu, lakini inamuunguza samaki mashavu mpaka ashindwe kupumua. Na ndani ya maji ya bahari ubaya wake ni mkubwa kuliko ndani ya maji baridi, kwa sababu maji ya bahari yana ualkali zaidi, na ualkali ukipanda sehemu kubwa zaidi ya amonia hugeuka kuwa ile aina kali. Sasa mbona baharini samaki hawafi? Kwanza, bahari ni kubwa. Pili, juu ya kila jiwe na kila chembe ya mchanga wamekaa bakteria ambao riziki yao ni amonia. Kundi moja huila na kuigeuza nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine huila nitriti na kuigeuza nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo. Mawe yangu niliyanunua makavu. Hayakuwa na kiumbe hata kimoja juu yake. Nilikuwa nimetengeneza maji yenye chumvi, nikadhani nimetengeneza bahari.

Jioni nikampigia Baba. Nilitaka kumweleza kama kichekesho kingine, lakini nilipofika kwenye jina la samaki sauti ilinigeuka. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza ukubwa wa tangi. Nikamwonyesha kwa video. Akasema, "Hicho ni kidimbwi."

Nikamwambia ndiyo, kidogo.

"Hapana, sikiliza. Kidimbwi cha mwambani. Maji yakipwa, samaki wadogo wanabaki mle. Saa sita jua linapiga, maji yanakuwa moto, yanakolea chumvi, uchafu wao unabaki nao. Utawaona wamejikunyata kivulini. Kinachowaokoa ni nini? Maji yanajaa tena. Yakichelewa, wanakufa. Sasa wewe umejenga kidimbwi mahali ambapo maji hayajai. Ni wewe utakayeyajaza."

Nimesoma mengi tangu siku ile, na video nimetazama mpaka macho yakauma, lakini maelezo ya Baba ndiyo niliyoanza nayo na ndiyo ninayoyarudia. Kule kwetu bahari huja mara mbili kwa siku, na mara mbili kwa mwezi huja kwa bamvua ikaosha mpaka pembeni kabisa. Huku haiji isipokuwa mimi nibebe ndoo.

Basi nikaanza upya. Kabla ya maji, lakini, ilibidi nianze na binti. Nilimkalisha nikamwambia Malindi hakuwa mgonjwa. Nilimwambia nilimdanganya yule kijana, kisha nikamdanganya yeye. Akasema, "Najua. Nilikuwepo." Halafu akauliza kama mwenzake Malindi tutamnunua tena. Nikasema hapana, mpaka maji yawe tayari, na safari hii atakayesema yako tayari si mimi, ni yeye. Nikampa daftari na lile kasha la vijaribio nililonunua. Nadhani hapo ndipo alipoanza kunisamehe, ingawa si siku moja.

Ili bakteria waje lazima wapate chakula, na chakula chao ni amonia, kwa hiyo unahitaji kitu cha kuoza. Nikanunua kamba mmoja mbichi sokoni nikamtumbukiza ndani. Mama watoto alisimama mlangoni akanitazama. "Kamba mzima? Anaachwa aoze? Ndani ya nyumba?" Nikamweleza habari za bakteria. Akasema angekuwa mama yangu angenipeleka kwa mganga. (Wapo wanaotumia amonia ya chupa, na wapo wanaonunua bakteria wa chupa ili kuharakisha. Mie haraka ilikuwa imekwisha kunitoka.)

Kila siku ya pili jioni binti alipima. Amonia: manjano ni nzuri, kijani ni mbaya. Nitriti: buluu ni nzuri, zambarau ni mbaya. Nitrati: manjano ni nzuri, nyekundu ni mbaya. Ile ya nitrati ina chupa mbili, na ya pili lazima uitikise kwa nguvu nusu dakika kabla ya kudondosha, vinginevyo dawa inabaki chini na kipimo kinakudanganya kuwa maji ni mazuri. Tulikwishafurahia kipimo cha uongo mara moja, kwa hiyo siku hizi anaitikisa huku akiimba, na nyumba nzima inajua ni saa ya nitrati.

Wiki ya kwanza kijani tupu. Ya pili kijani iliyokolea, na nyumba inanuka kidogo (nakiri). Ya tatu amonia ilianza kushuka na nitriti ikapanda, zambarau ya biringanya, ikakaa hapo siku nyingi mpaka nikaanza kukata tamaa. Wakati huohuo mchanga wote ulifunikwa na vumbi la kahawia, kama mtu amemwaga kakao. Nikadhani tumeharibu. Kumbe ni viumbe vidogo mno vya mwani ambavyo hupenda matangi mapya, na vikimaliza chakula chao hupungua vyenyewe. Wiki ya sita, Jumatano jioni, binti aliniita. Amonia manjano. Nitriti buluu. Tukarudia siku mbili baadaye: manjano, buluu. Alichora mstari chini ya ukurasa kwa kutumia rula.

Sasa nyinyi mtasema, tayari, kanunue samaki. Hata mie nilisema hivyo. Lakini nitrati ilikuwa nyekundu kweli kweli, miligramu 40 kwa lita, na hapo ndipo nilipogundua kuwa baadhi yake nilikuwa nimeitia mwenyewe. Maji ya bomba ya huku ni salama kabisa kunywa, lakini sheria ya Uingereza inaruhusu mpaka miligramu 50 za nitrati kwa lita, nyingi ikitokana na mbolea za mashamba. Yametiwa klorini pia, ambayo inaua viini vya maradhi ya binadamu na haichagui bakteria wako. Na kusini huku maji yanapita kwenye miamba ya chokaa, birika la umeme likikaa mwezi linaota ukoko mweupe. Nilipoyapima maji ya bomba peke yake, nitrati ilikuwamo tayari kabla ya samaki wala kamba.

Dawa yake ni mtambo mdogo wa kuchuja unaofungwa chini ya sinki. Maji yanasukumwa kwenye utando ambao matundu yake ni madogo kiasi kwamba yanayopita ni maji karibu matupu, na mengine yote yanatolewa nje. Ubaya wake ni mmoja na ulinikosesha usingizi: kwa kila lita moja nzuri, lita tatu au nne zinamwagwa. Sisi tuliolelewa kwa kuhesabu mitungi! Usiku wa kwanza nilikaa jikoni nikiusikiliza mpira ukimwaga maji kwenye sinki, nikawaona Mama na shangazi njiani na madumu yao. Siku hizi hayamwagiki. Yanaingia kwenye pipa, yanafua, yanapiga deki, yananywesha maua. Hata majirani wanachota wakati wa kiangazi. Lakini nawaambia ukweli, bado sijauzoea mlio ule.

Kosa la tatu ni la aibu zaidi, kwa sababu jibu lake lilikuwako kwenye ukoo. Maji ya tangi hupungua. Nyumba za huku wakati wa baridi zinapashwa moto mchana kutwa, hewa inakauka, na karibu lita moja hupaa kila siku. Mie nilikuwa najaza kwa maji ya chumvi, kwani si ni bahari? Baada ya wiki mbili binti alichungulia kwenye kipimo cha chumvi (kinafanana na darubini ndogo, unadondosha maji unaangalia taa) akasoma 1.030. Inatakiwa 1.025 au 1.026. Tukapima tena, palepale. Nilihangaika siku mbili nikidhani kipimo kimeharibika.

Ni shangazi wa Gongoni aliyenifungua macho. Miaka mingi amefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kule, kukokota kwa reki na kupakia. Nilimweleza kwenye simu, akakata maneno yangu: "Mwanangu, sisi chumvi tunaipataje? Maji yanakwenda, chumvi haiendi. Wewe unaongeza chumvi kila siku halafu unauliza imetoka wapi?" Nilitaka ardhi ipasuke. Basi kumbukeni, na hasa mpwa wangu aliyeniandikia kuwa naye anataka kujaribu: kinachopaa ni maji matupu, kwa hiyo unarudisha maji matupu. Maji ya chumvi unatia pale tu unapoondoa maji ya chumvi. Tuliishusha polepole, kidogo kila siku, kwa sababu kuishusha ghafla nako ni balaa. Namshukuru Mungu hakukuwa na samaki ndani, konokono wanne tu, nao walistahimili.

Mwisho wa Januari 2025 binti alitoa ruhusa. Tulirudi duka lilelile. Kijana alikuwepo. Aliuliza tangi lina muda gani, na safari hii sikujibu mimi. Binti alifungua daftari juu ya kaunta. Kijana alisoma ukurasa hadi ukurasa, hakuharakisha, mpaka watu wakaanza kupanga foleni nyuma yetu. Kisha akamwambia yeye, si mimi, "Unataka yupi?"

Yule wa Kenya walikuwanao wengine wawili. Aliwatazama muda mrefu. Mwisho alichagua wale wa rangi ya chungwa wenye mistari mieupe, wale wa filamu ya Finding Nemo, mdogo na mkubwa kidogo. Hawa hawakuvuliwa baharini. Wamezalishwa kwenye matangi humu humu Uingereza, hawajawahi kuiona bahari. Nilimuuliza kwa nini hawa. Akasema, "Hawa wamezoea kidimbwi."

Hatukuwatumbukiza. Tuliwaweka kwenye ndoo na maji yao, tukawadondoshea maji ya tangi kwa kimpira chembamba, tone kwa tone, karibu saa nzima, mpaka maji yote mawili yakafanana. Wanalishwa mara moja kwa siku, kile wanachomaliza kwa dakika moja au mbili. Hili la chakula lilinishinda zaidi ya yote. Wanakuja kwenye kioo wanakutazama kama hawajala tangu jana, na wewe umelelewa na Mama yangu. Nilipokonywa kopo la chakula mwezi wa pili.

Nisisahau kituko cha dirisha. Ualkali wa maji, ambao unatakiwa uwe kati ya 8.1 na 8.4, ulikuwa unashuka mpaka 7.9. Nikataka kununua dawa. Kumbe tatizo ni sisi wenyewe: tumefunga madirisha kwa baridi, tunapumua wanne, hewa chafu imejaa sebuleni na inaingia majini. Nikafungua dirisha mwezi wa pili, ukapanda mpaka 8.2 bila senti moja. Mama watoto alivaa koti akaketi na koti, akasema anafurahi kwamba samaki wanapumua vizuri.

Na kila Jumapili asubuhi maji yanajaa. Jumamosi usiku nachanganya lita 12 za maji yaliyochujwa na chumvi, nayaacha yazunguke na kupata joto. Asubuhi tunavuta lita 12 za zamani kwa mpira, tunafyonza uchafu juu ya mchanga, kisha tunatia mapya taratibu. Dakika arubaini, pamoja na kupangusa sakafu. Mara moja kwa mwezi tunabadilisha lita 25, na hiyo binti anaiita bamvua. Nitrati imeshuka mpaka 10. Nimekosa Jumapili mbili tu, zote nilikuwa kazini zamu ya mchana, na mara zote mbili alifanya mwenyewe na mama yake akimshikia ndoo.

Baba anapiga simu siku hiyo. Zamani alikuwa anaanza kwa kuuliza hali yangu, kazi, watoto. Sasa anaanza hivi: "Maji yamejaa?" Binti ananyang'anya simu, anamsomea hesabu zote kutoka kwenye daftari, amonia sifuri, nitriti sifuri, chumvi 1.025, na Baba ambaye hajawahi kupima bahari kwa tone la dawa maishani mwake anajibu kila moja, "Sawa. Sawa. Sawa." Jumapili iliyopita alimuuliza kama bado pana nafasi ya mmoja zaidi. Binti akasema pengine, bado anaangalia nitrati. Akasema akiridhika, huyo atakuwa wa Kenya, na jina lake analo tayari, lakini hataki kulitaja kabla.

Picha mpya nitaweka nikipata ile kamera ya shemeji, maana simu yangu inafanya kila kitu kuwa buluu. Msalimieni kila anayenifahamu. Na Mjomba, hapana, hawaliwi.